Siku Tulipomtuza Mkolombia

Siku hizi nikipita maduka ya Al Sadd, hapa Doha, nikasikia wimbo wake unatoka kwenye spika za duka la viatu, siwezi kupita hivi hivi. Naingia. Najifanya naangalia viatu. Muuzaji akija kuniuliza saizi, namwambia, "Huyu anayeimba tulikuwa tunamenya muhogo pamoja." Wengi hucheka, halafu huniletea viatu. Mmoja, kijana wa Kinepali, aliniuliza kwa adabu kabisa kama niliwahi pia kufua nguo za mfalme. Sikukasirika. Hata mimi kuna asubuhi naamka naona kama niliota.

Lakini sikuota. Alikuwa jikoni kwetu, kwenye mgahawa wa vyakula vya Kilatini pale The Pearl, upande wa maji, ambako boti za matajiri zimefungwa kama mbuzi wa sikukuu. Mimi nilikuwa mhudumu wa meza. Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo mama alisema tusizitaje mbele ya wageni. Yeye alitoka Kolombia, akaletwa kukaanga ndizi. Kwao huchukua ndizi mbichi, wakazikaanga, wakazipondaponda zikawa bapa, kisha wakazirudisha tena kwenye mafuta. Siku ya kwanza nilimkuta anamenya muhogo, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba hicho ni chakula cha kwetu. Akasema hapana, ni cha kwao. Tukabishana mpaka mudir, ndivyo tulivyomwita meneja wetu, akachungulia na kuuliza kama muhogo umefungua kesi. Urafiki ukaanzia hapo.

Mikono yake ikiwa kwenye mafuta, mdomo wake ulikuwa kwenye mistari ya rap. Anachana kwa Kihispania, haraka haraka, na kijiko kinagonga ukingo wa karai, tak, ta-tak, tak. Sisi wahudumu tukija kuchukua sahani tulikuwa tunatembea kwa biti yake bila kujijua. Mwenzangu aliyesimama mlangoni kupokea wageni, msichana wa Nairobi mrefu ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa akiegemea dirisha la kutolea chakula na kutikisa kichwa.

"Huyu msee ako na flow, manze," alisema. "Shida ni moja, hatujui anatusifu ama anatutusi."

"Nakusifu wewe," Mkolombia alijibu nilipomtafsiria. "Yeye ndiye namtukana," akanionyesha mimi kwa kijiko.

Mchana, wageni wakishapungua, tulikuwa na breki ndefu kabla ya jioni. Kurudi makazi yetu kule Al Wukair na kuja tena ilikuwa ni kumaliza mapumziko ndani ya basi, kwa hiyo tulikaa ngazi za nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Hapo ndipo alipotusimulia alikotoka. Baba yake aliondoka yeye akiwa bado hajajua kutembea. Mama yake alikuwa akiwapigia watu pasi. Nyumba nzima chumba kimoja, na nguo za watu zimetundikwa kila mahali, yeye na dada yake mdogo wanalala chini ya mashati ya mawakili. Tangu ana miaka tisa alikuwa akipanda mabasi ya mjini na kuchana kwa abiria. Anawaangalia usoni, anawatungia papo kwa papo: mama mwenye mwavuli, mzee anayekoroma, binti anayesoma barua ya mpenzi huku amekunja uso. Dada yake anapita na kofia. Mtaani kwao magenge yalikuwa yakichukua watoto kama mtu anavyochuma mapera, na marafiki zake wawili walizikwa kabla hawajaota ndevu. Yeye kilichomwokoa, alisema, ni uchovu. Ikifika jioni sauti imekauka na miguu inauma, hana hata nguvu ya kwenda kusimama kijiweni.

Alisimulia anacheka, kama mtu anayesimulia mechi ambayo timu yake ilifungwa zamani. Kuna jambo moja hakutuambia mchana ule, na hilo ndilo lililokuja kutuponza.

Tulikuwa na mteja mmoja mnene, mpole, aliyekuwa akija kila Alhamisi kula samaki wa ndimu. Kazi yake ilikuwa kuandaa matamasha makubwa ya muziki hapa Doha. Mudir, ambaye kwa ukali wake wote alikuwa na moyo, siku moja akamwambia kwamba jikoni kuna kijana anachana. Yule bwana akasema anatafuta mtu wa kufungua tamasha la msanii mkubwa wa Kilatini, na kwamba angependa kumsikia. Alhamisi ijayo, nyimbo tatu, wageni wakiwa wanakula. Basi.

Habari ilipofika jikoni Mkolombia aliweka kijiko chini. Mkataba wake ulikuwa unaelekea mwisho na kampuni ilishamwambia haitauongeza. Hizo nyimbo tatu zikiwa nzuri, anabaki na anapanda jukwaani. Zikiwa mbaya, anarudi kwao, kwenye chumba cha mashati.

Wiki ile tulifanya mazoezi ngazini. Wimbo wa pili ulikuwa wa mama yake, na alitaka kiitikio kwa lugha yetu, kwa sababu, alisema, kwa Kihispania akikifikia hulia. Nikakaa nikafikiri. Mimi si mshairi, lakini nina mama pia. Nikampa mstari huu: *Mama, nihesabu na wanaorudi.* Akauliza maana yake. Nilipomweleza akaanza kuutamka. A yake na a yangu, e yake na e yangu, zilikuwa kama zimelelewa nyumba moja. Herufi ha tu ndiyo iliyomshinda.

"Niesabu," alisema.

"Wacha tu," Mkenya akaniambia. "Kwani mamake ataleta red pen?"

Alhamisi ikafika. Walimpa kona karibu na dirisha, maiki moja na spika mbili, na shati jeusi la mmoja wa wahudumu kwa sababu lake lilikuwa limeingia harufu ya mafuta. Yule bwana wa matamasha alikuwa meza ya kati na wenzake wawili. Dereva wa basi letu la wafanyakazi, Mzanzibari mtu mzima tuliyemwita Ami, kwa kawaida alikuwa akitungoja nje, ndani ya basi na kipozahewa chake. Siku ile alikuja mapema akasimama mlango wa jikoni, kofia yake ya viua imenyooka, kama amealikwa.

Wimbo wa kwanza ulipita kama maji chini ya mlango. Watu wanakula, wanaongea, uma zinagonga sahani. Yule bwana anakata samaki wake. Nilikuwa nimebeba trei tupu na moyo unanipiga kama ni mimi ninayeimba.

Ukaja wimbo wa pili. Aliuanza polepole, akifumba macho, na ingawa Kihispania sikijui nilijua sasa yuko ndani ya kile chumba, sasa anasikia pasi ikipumua. Halafu akafika kwenye kiitikio. *Mama, niesabu na wanaorudi.* Wallahi, nilimwona mama yangu mlangoni kwetu Tanga siku niliyoondoka, amejishika kiuno, hataki nione anachofanya usoni.

Sasa, mtu aliyekulia kwetu atanielewa. Harusini, mwimbaji akifika kwenye ubeti unaokugusa, huwezi kukaa umekunja mikono kama uko kliniki. Unanyanyuka. Huendi mbio. Unakwenda kwa madaha, noti iko juu, mkono umenyooka, kila mtu aione. Unamzunguka kidogo mwimbaji, unacheza naye, ndipo unamtuza. Sikufikiri. Miguu ilikwisha kwenda. Nikatoa noti mfukoni mwa aproni, trei chini ya kwapa, nikasogea kwa mwendo wa pwani katikati ya meza za watu, nikaiweka noti mkononi mwake. Nyuma yangu nikasikia viatu: Ami, na kofia yake, magoti yake yanalia, lakini mabega yanacheza vizuri kuliko yangu. Mkenya naye akaacha mlango wazi akatufuata, noti juu, akicheza mchezo ambao sijui ni wa kabila gani.

Wageni wakapenda. Wakadhani ni sehemu ya onyesho. Meza moja walikuwepo vijana, na mmoja wao, amekaa ameegemea, simu mkono mmoja anarekodi, akaikunja noti kama karatasi ya pipi akairusha. Ikaanguka sakafuni, karibu na kiatu cha Mkolombia.

Akanyamaza katikati ya mstari. Biti ikaendelea peke yake. Akaitazama ile noti, akanitazama mimi, akaweka maiki juu ya kiti na kuingia jikoni.

Mudir alinifikia kabla sijajua la kufanya. "Nani kaanzisha hii?" Nikasema mimi. Alitaka kusema mengi, nikaona yanamjaa, lakini akaangalia meza ya kati. "Yule bwana ameagiza kahawa. Akiimaliza anaondoka. Mtoe rafiki yako kabla kahawa haijaisha, khalas."

Tulimkuta amesimama karibu na sinki la masufuria, mkono umeshika ukingo. Zile noti zetu zilikuwa juu ya meza ya kukatia, ameziweka mbali naye.

"Kwa nini mmenifanya ombaomba?" akasema. Hakupaza sauti. "Mbele ya yule mtu. Siku hii."

Hapo ndipo alipotuambia lile alilolificha. Siku moja kwenye basi, dada yake akipita na kofia, mwanamume aliyekaa siti ya mbele aliitupa sarafu chini kwenye uchafu na kumwambia yeye, si dada yake, yeye aliyekuwa akiimba, apige magoti aiokote huku anaendelea kuchana. Basi zima likamtazama. Aliiokota, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu. Tangu siku ile alijiapiza kwamba akisimama kuimba hatapokea tena pesa kutoka kwa mkono wa mtu.

Nilijisikia vibaya, machozi yakanilenga. Lakini nilijua pia kwamba nikilia tu, kahawa itaisha.

"Kaka," nikamwambia, "nisikilize. Kwetu ombaomba hatuzwi. Ombaomba humpi hadharani, unampa ukipita, unaangalia pembeni usimwaibishe. Anayetuzwa ni mwimbaji tu. Na anayetoa sadaka anaweza kutoa amekaa, lakini anayetuza lazima asimame. Mimi nimesimama. Nimetembea. Nimecheza na trei kwapani mbele ya mudir. Nilikuwa nakwambia kwamba ule ubeti umekuwa wangu, na kwamba mimi ndiye ninayekuomba, uurudie."

Alinitazama kama anayesikia bei ya kitu asichoamini.

Ami akavua kofia. "Mwanangu, mimi na umri huu na magoti haya nimekuchezea mbele ya watu. Ombaomba gani huyo anachezewa?" Nikamtafsiria neno kwa neno.

"Na mimi nimekutuza na pesa ya lunch yangu," Mkenya akaongeza, "alafu wewe unaninunia na masufuria. Buda, kesho nitakula nini, flow yako?"

Nilipomtafsiria na hilo, akacheka. Kicheko kidogo tu, kilichotoka puani, lakini nilimuona mabega yanashuka. "Na yule aliyetupa?" akauliza.

"Yule hakufundishwa," nikasema.

Akafungua bomba, akanawa uso kwa maji ya kuoshea masufuria, akajifuta na aproni yangu. "Sawa," akasema. "Basi leo afundishwe."

Nilipotoka nyuma yake nikaangalia kwanza kikombe. Kilikuwa kimebaki nusu. Mkolombia hakuchukua maiki mara moja. Aliinama akaiokota ile noti, akainyoosha juu ya paja lake kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepiga pasi kola. Kisha akaomba biti irudi mwanzo. Akaenda mpaka meza ya wale vijana akiwa anachana, nusu Kihispania nusu Kiingereza, kwamba karatasi hii imepotea njia, ina mabawa lakini haina miguu, rafiki yangu iazime miguu yako. Akaiweka mbele ya sahani ya yule kijana na kumfanyia ishara: inuka.

Yule kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Wenzake wakaanza kumpigia miluzi, na yeye, sifa zote zimwendee, akainuka. Alitembea vibaya, kama mtu aliyeitwa ubaoni, lakini alitembea, na noti aliitoa kwa mikono miwili. Mkolombia akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Kuanzia hapo hakuimba wimbo wa tatu aliouandaa. Aliwaimba wao. Alifanya alivyokuwa akifanya kwenye mabasi: bibi mwenye mkoba mwekundu, mtoto aliyelala juu ya viti viwili, mhudumu mwenye trei kwapani, dereva mwenye kofia ya heshima na magoti ya kelele. Akafika meza ya kati. Akamchana yule bwana kwamba samaki wake amekufa mara mbili, mara ya kwanza baharini, ya pili kwa kusahauliwa sahanini. Yule bwana akaangalia sahani yake, akacheka mpaka miwani ikamteremka. Na kiitikio kiliporudi, mgahawa mzima, Waarabu, Wafilipino, Wazungu, wote wakaimba *niesabu* bila ha, na mimi sikumsahihisha mtu.

Yule bwana aliondoka bila kusema neno. Kahawa yake ilipoa kikombeni, hakuimaliza. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mkolombia alikaanga ndizi kimya kimya na sisi tukatembea bila biti. Kisha mchana mmoja simu ya mudir ikalia, akasikiliza, akaja jikoni na uso wake ule wa kukagua usafi, akasema, "Wewe. Acha hizo ndizi." Akamvua aproni kwa mikono yake mwenyewe, na sisi tukaelewa.

Yaliyofuata dunia inayajua kuliko mimi. Wimbo ule ulirekodiwa, na sauti za wanawake wanaoitikia ni yangu na ya Mkenya. Tuliingia studio tukiwa na njaa, tukaambiwa turudie mpaka Mkenya akauliza kama tunarekodi wimbo au tunasoma kisomo. Sasa wimbo huo unapigwa miji ambayo siwezi kuitamka. Watu wanaandika juu yake kwamba alitoka kwenye mabasi akafika juu, na ni kweli, ila wanaruka jiko. Mimi siruki. Nikiulizwa Doha ulifanya nini, najibu kwamba nilihudumia meza, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumtuza, kabla dunia haijajua kusimama.

Lakini nikiambiwa nichague siku moja ya kujivunia, nachagua ile ya tamasha lenyewe. Mudir alitupa ofu sote watatu, mimi, Mkenya na Ami. Nyuma ya jukwaa, Mkolombia, kavaa koti jeupe lililopigwa pasi kama la bwana harusi, alinishika mkono. Akanipa simu yake. Kwao ilikuwa bado mchana, mama yake alikuwa anangoja upande wa pili, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwonyesha. "Usiishushe," alisema. Akaenda kwenye mwanga.

Sikuishusha. Niliinua simu mkono mmoja, mkono ukaingia ganzi, nikausaidia na wa pili. Watu walikuwa wengi mpaka mwisho wao hauonekani, na wote walikuja kwa ajili ya mtu mwingine, lakini alipofika kwenye ubeti wa pili walikuwa wake. Nilimwona kijana wa karai letu amenyoosha mikono na uwanja wote unafuata vidole vyake. Nililia, sitaki kusema uongo. Nililia na kuimba kwa wakati mmoja, pua inatiririka, Mkenya ananiambia, "Wee, panguza hiyo uso, watu wako hapa." Nikamwambia siwezi, nimeshika mama wa watu.

Aliposhuka jukwaani amelowa jasho, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua simu. Akaongea na mama yake, akasikiliza sana, akaanza kucheka mpaka akakaa chini juu ya sanduku la spika.

"Nini?" nikamuuliza. "Ameona? Amefurahi?"

"Kamera ulikuwa umeigeuza," akasema. "Ya mbele. Wimbo wote hakuniona hata kidogo. Amekuona wewe unalia na kuimba."

Nilitamani sakafu ifunguke. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono.

"Anasema alijua ninaimba vizuri kwa kukutazama wewe. Aliwaita majirani wote waje wakutazame." Akajifuta macho kwa mkono wa koti jeupe. "Na anauliza kama umeolewa."

Nikamwambia amfikishie shikamoo yangu kwanza, halafu amwambie bado, kuna mambo makubwa nataka kuyafanya kabla.